Mlango Usifunguke Kimya

Jumatano ya Majivu, 18 Februari

Daftari hili si langu. Nimepewa leo na mtaalamu wa mazoezi ya kuongea pale hospitali, binti mwenye miwani mikubwa kuliko uso. Kaniambia, "Mama, kila siku andika maneno aliyosema baba. Hata likiwa moja." Basi naandika. Leo mume wangu amesema: haya.

Jana alisema haya. Juzi, haya. Kiharusi kilimpiga mwezi wa kwanza, akiwa kibandani kwake anachonga ufunguo wa mteja, na tangu siku hiyo maneno yote yameondoka, limebaki hilo moja. Ukimuuliza chai, haya. Ukimuuliza mguu unauma, haya. Nikimwambia nyumba inaungua nadhani ataniambia haya. Mkono wa kulia umelala na mguu wa kulia anauburuta. Lakini anaelewa kila kitu. Mtaalamu kasema hivyo, na mimi nilijua kabla ya mtaalamu, maana macho ni yale yale ya kunicheka.

Mimi ni dobi. Siku aliyoniona mara ya kwanza nilikuwa na povu mpaka viwikoni, na kwa miaka ishirini na sita hajaniita jina jingine ila Povu. Sasa haniiti kitu. Kwa kuwa karatasi ni nyingi na neno ni moja, nitajaza na mambo yangu.

Jambo lenyewe ni hili. Mume wangu ni fundi kufuli, na ndiye bawabu wa kanisa letu. Mwaka mzima kazi hiyo ni ndogo: kufungua, kufunga, na kuwaambia wanaomtafuta mchungaji, "Hayupo, njoo Jumatatu." Nilikuwa namtania kwamba hayo ndiyo mahubiri yake. Lakini Pasaka ni habari nyingine. Kwetu Pasaka inaanzia mlangoni. Alfajiri watu wote husimama uani, kimya, mlango mkubwa umefungwa, na ndani yumo bawabu peke yake gizani. Mwanga ukigusa msalaba juu ya paa, anafungua milango yote miwili na kupaza sauti, "Kristo amefufuka!" Sisi tunajibu, "Kweli amefufuka!" ndipo tunaingia. Mlango ukifunguka kimya hakuna anayeinua mguu. Ndivyo tulivyolelewa, na mume wangu ameifanya kazi hiyo Pasaka ishirini na mbili bila kukosa.

Leo baada ya ibada, majivu bado mbichi usoni, Katibu wa kanisa akanivuta pembeni. Huyu ni yule mwenye kalamu tatu mfukoni.

"Mama, tunafikiria mwaka huu Fundi Bomba ashike mlango."

"Fikirini tu," nikamwambia. "Funguo ziko kwenye msumari wake nyumbani, na hapo zitakaa."

"Lakini atatangazaje, Mama?"

"Kwa mdomo."

Zimebaki wiki sita na siku nne. Mungu, nisikilize vizuri: atatangaza. Nimesema.

Ijumaa, 20 Februari

Haya. Mvua ya kwanza imenyesha. Mashuka hayakukauka.

Jumapili, 22 Februari

Nimepanga ratiba. Asubuhi kabla sijaloweka nguo, mkono: namwekea kitambaa kibichi kiganjani akikamue. Siku ya kwanza hakikutoka kitu. Leo limetoka tone moja, tukaliangalia wote wawili likidondoka sakafuni, nikapiga kigelegele peke yangu. Baada ya chai, vidole: vibanio vya nguo, avibane kwenye kamba kimoja kimoja.

Jioni, mdomo. Nakaa mbele yake goti kwa goti, nasema, "Kristo amefufuka. Sema, Kri..." Anakunja uso, mshipa unamtoka shingoni, midomo inatafutatafuta. Mimi namsaidia. "Kristo! Kristo amefufuka! Haya, sema."

Naye anasema, "Haya."

Kumbe ni mimi ninayemtia hilo neno mdomoni. Kesho silisemi.

Jumatatu, 23 Februari

Nimelisema. Sijui mara ngapi.

Alhamisi, 26 Februari

Wifi yangu kaja. Ni dada mkubwa wa mume wangu, alifundisha chekechea mpaka alipostaafu. Kaja na mfuko mmoja wa nguo na mto wake mwenyewe wa kulalia, bila hata kupiga simu.

"Nimekuja kukaa na ndugu yangu," kasema.

Kukaa! Mimi hapa nafua, napika, nanyoosha mkono wa mtu, namwogesha, halafu mtu anapanda gari safari nzima aje kukaa. Nimemkaribisha kwa meno yote, moyoni nimenuna.

Jumapili, 1 Machi

Haya. Wifi anakoroma, tena kwa zamu, pumzi moja ya juu na moja ya chini.

Jumatano, 4 Machi

Siku ya nne mvua haijakatika. Nyumba nzima imegeuka kamba ya nguo: mashuka sebuleni, mashati chumbani, suruali za mteja wangu mmoja, karani wa benki, zinaning'inia juu ya meza tunayolia chakula. Unakula huku pindo la suruali ya mtu linakupapasa sikio.

Wifi na ndugu yake wako barazani hawafanyi lolote. Nimewachungulia mara tatu. Anamenya chungwa, anashika kipande mkononi, anamtazama mwenzake, anangoja. Baadaye sana ndipo anampa. Kisha wanaangalia mvua. Nikajikaza nikasema kwa upole, "Dada, ungemsomesha maneno kidogo."

"Namsubiri," akasema.

"Unasubiri nini?"

"Yeye."

Mimi huo muda wa kusubiri sina. Zimebaki wiki nne na siku nne.

Jumanne, 10 Machi

Vibanio saba! Vya mbao, si vile vya plastiki vilivyolegea. Kuhusu mdomo, haya. Ila leo nilipoanza kusema Kri, koo lake lilitoa "k". Nimeisikia kwa masikio yangu. Wifi anasema alikuwa anakohoa. Wifi ana kijicho.

Ijumaa, 13 Machi

Haya.

Jumatatu, 16 Machi

Haya. Katibu kapita dirishani, "Mama, kuna mabadiliko?" Nikamjibu, "Yapo, mvua imezidi." Akaenda zake na kalamu zake.

Jumanne, 17 Machi

Kurasa hizi zina mawimbi na wino umetawanyika kwa sababu daftari limeingia kwenye beseni. Naeleza lilivyoingia.

Jioni nilichelewa kumaliza sare za shule, mikono inaniuma, mvua inapiga bati mpaka husikii unachosema. Nikakaa mbele yake kama kawaida. Kri. Kri. Kristo. Hakutaka. Akageuza uso pembeni. Nikamshika kidevu nikamgeuza. Naandika hili kwa sababu ni kweli: mume wangu, mtu mzima, fundi anayeheshimika, nilimshika kidevu nikamgeuza uso kwa nguvu. "Sema. Kristo amefufuka. Sema!"

Akachukua daftari mapajani mwangu kwa mkono wa kushoto, akalitupa kwenye beseni la sabuni.

Hapo ndipo nilipopayuka. "Unataka Fundi Bomba asimame pale? Unataka watu wakuone umekwisha?"

Umekwisha. Neno hilo limetoka kinywani mwangu, mimi ambaye nahangaika usiku na mchana nipate neno kutoka kwenye kinywa chake. Hakusema hata haya. Chozi lilimshuka shavu la kulia, na hakulifuta, maana mkono wa upande huo haufiki.

Wifi akaja bila haraka, akamfuta kwa upindo wa gauni lake. Kisha akanishika mkono, akaniingiza jikoni, akafunga mlango.

"Wifi yangu, nikikuambia kitu utanichukia?"

"Nimeshakuchukia kidogo tayari," nikasema, nalia.

Akacheka, mama wa watu. "Basi afadhali. Unamjibia."

"Namjibia nini?"

"Kila kitu. Jirani akimsalimia, unaitikia wewe. Nikimuuliza kama anataka chungwa, unajibu kutoka huko kwenye beseni, 'Anataka, dada!' Humwachi hata ameze mate. Mimi nimekaa na watoto wa miaka minne maisha yangu yote. Mtoto ukimuuliza hii rangi gani, halafu ukaitaja mwenyewe, anajifunza kitu kimoja tu: akinyamaza, mwalimu atachoka."

"Yeye si mtoto."

"Ndiyo maana katupa daftari. Mtoto angekung'ata."

Nikacheka na kulia pamoja, kamasi na machozi. Kisha akaniuliza jambo lililonikaa kooni mpaka sasa: "Na huo mlango wa Pasaka, umemuuliza kama anautaka?"

 Siku ishirini na nane nimempigania mtu kwa jambo ambalo sijamuuliza.

Jumatano, 18 Machi

Leo hakusema chochote, hata lile moja. Nimempigia magoti nikamwomba radhi. Kaniangalia kitambo, halafu akaniwekea mkono wa kushoto kichwani, mzito, na akauacha pale. Sikumfundisha.

Alhamisi, 19 Machi

Kimya. Mvua.

Ijumaa, 20 Machi

Kimya. Nimefua mablanketi ili nichoke.

Jumamosi, 21 Machi

Wifi kamshikia kipande cha chungwa, kangoja. Mume wangu kasema, "Haya." Nimekimbia kutoka uani na sabuni mkononi. Sikuwahi kufikiri nitalishangilia neno hilo.

Jumatano, 25 Machi

Haya. Najifunza kunyamaza. Ni kazi ngumu kuliko kufua mapazia. Jirani kamsalimia, nikauma ulimi, jirani akangoja, mimi nikangoja, mwishowe mume wangu akainua mkono wa kushoto akampungia. Ni salamu ile. Ningeitikia mimi, ningeikata.

Jumapili ya Matawi, 29 Machi

Tangu Januari tumekuwa tukiingia kanisani kwa mlango wa ubavuni, lakini maandamano ya matawi lazima yapite mlango mkubwa. Katibu ana ufunguo wa pili, akampa Fundi Bomba. Fundi Bomba ni mtu mwema na ana mikono mikubwa, akauzungusha ufunguo, mlango ukakaa. Akauvuta, ukakaa. Mvua ikaanza. Waumini wote uani na matawi yetu vichwani, kwaya imeshaimba beti zote na kurudia mwanzo, Fundi Bomba anatokwa jasho, na Katibu katoa macho kama mjusi aliyebanwa na mlango.

Mimi najua, maana nimeolewa na mlango ule. Ni mzee na una visa. Unarudisha ufunguo nyuma kidogo kwanza, unainua ubao wa kushoto kwa goti, ndipo unazungusha mbele. Nilikuwa nimeshafungua mdomo niseme. Wifi akanikanyaga mguu.

Mume wangu akatoka chini ya mwavuli. Akauburuta mguu wake uani kote, watu wakampisha. Akamsogeza Fundi Bomba kwa bega, akashika ufunguo kwa mkono wa kushoto, akarudisha nyuma, akainua goti la kushoto. Yaani alisimama kwa mguu mbovu! Wifi alikuwa keshamfuata nyuma, kashika mkanda wake. Goti likagonga, ufunguo ukazunguka, mlango ukafunguka. Watu wakapiga makofi na kupunga matawi, mimi nikaruka.

Kisha akageukia watu. Nadhani ni mazoea ya miaka yote ile, kufungua na kupaza sauti. Akafungua mdomo. Makofi yakakatika. Tukangoja. Mshipa ukamtoka shingoni, midomo ikahangaika, mvua inamtiririka usoni.

"Haya," akasema.

Kuna waliocheka. Si kwa ubaya, walidhani anawaambia haya, ingieni. Wakaingia. Yeye hakuingia. Alirudi nyumbani kwenye mvua, na tulimkuta kalala, kageukia ukuta.

Jumanne, 31 Machi

Katibu kaja. Nilikuwa nimeandaa maneno ya kumtoa mbio, lakini alikaa kwenye kiti akaanza kuchezea kalamu zake, moja baada ya nyingine.

"Mama, unaniona mimi mbaya."

Sikubisha.

"Baba yangu alipatwa na hivi hivi. Wakamsimamisha mbele ya kanisa aombe, kwa heshima. Akakwama. Watoto wakacheka, na watu wazima wakawafuata. Hakurudi kanisani tena, Mama. Alirudi tukiwa tumembeba. Jumapili nilipomwona mzee wetu pale mlangoni, nilimwona baba."

Nimemchimia mtu huyu kaburi moyoni wiki sita nzima, kumbe alikuwa anamkinga mume wangu. Nikamwongeza chai. Kisha tukapanga: Pasaka nitajificha ndani, nyuma ya mlango. Akifungua akakwama, nitapaza sauti mimi, na watu hawatajua. Katibu akashusha pumzi. Nami nikashusha.

Wifi alikuwa anamenya chungwa. Alilimenya kwa hasira.

Alhamisi Kuu, 2 Aprili

Haya, asubuhi tu. Nimeletewa kitambaa cheupe cha madhabahu, kile cha Pasaka. Kimekaa sandukuni mwaka mzima na kina madoa ya unyevu. Nimekiloweka.

Ijumaa Kuu, 3 Aprili

Ibada ndefu, imejaa majonzi. Mume wangu hakwenda. Nimekaa peke yangu, nikamwambia Mungu ukweli kwamba nimechoka kupigana na ukimya. Baada ya ibada wakakitoa madhabahuni kitambaa cha zambarau cha Kwaresima, nikakichukua kwenda kukifua.

Jumamosi Kuu, 4 Aprili

Naomba hili lisomwe taratibu, maana dobi wa miaka thelathini hapa anakiri.

Asubuhi nilikuwa natembea jikoni na uani, midomo inacheza, najifundisha jinsi nitakavyopaza sauti nyuma ya mlango, sauti nzito kidogo, iwe ya kiume. "Kristo amefufuka." Hapana, nzito zaidi. Nikabeba sufuria la maji ya moto, nikamimina kwenye beseni la kitambaa cheupe. Na huku najipa sauti ya kiume, nikachukua kitambaa cha zambarau begani, nikakidumbukiza humo humo.

Kosa hili halifanywi na mtoto wa dobi. Halifanywi na paka wa dobi. Nimekuja kugutuka ninavuta kitambaa cha Pasaka kutoka majini, nakiinua juu kwa mikono miwili, na kitambaa cha Pasaka kina rangi ya jeraha linalopona.

Nilibaki nimekishika vile vile. Maji ya zambarau yananichuruzika mpaka kwapani. Kwa mara ya kwanza tangu Februari sikuwa na la kumfundisha mtu.

Kutoka barazani nikasikia, "Zambarau."

Nikageuka. Mume wangu alikuwa ameegemea nguzo, anakitazama kitambaa, mabega yanatikisika. Alikuwa anacheka. Upande mmoja wa uso unacheka na mwingine unajaribu kufuata. Nikafungua mdomo nimwambie rudia, sema tena, zam... Wifi kaketi kando yake, akainua kidole kimoja, kidole cha chekechea. Nikaufunga mdomo wangu. Nikangoja. Maji yanachuruzika.

"Zambarau," akasema mume wangu, akameza mate, akatafuta, akapata. "Sana."

Hatukuwa na mbavu. Wifi alianguka na kiti. Mimi nilikaa chini kwenye tope na kitambaa kitakatifu mapajani, nikacheka mpaka nikalia, na nikilia yeye anazidi kucheka. Maneno mawili! Hakuna aliyemwambia Kri.

Kisha nikafanya nilichopaswa kufanya wiki sita zilizopita. Nikasimama mbele yake, si goti kwa goti, nikamuuliza, "Kesho, mlango. Unataka kuushika?" Nikanyamaza. Jogoo wa jirani akawika, mwanamke akapita na ndoo, suruali ya karani ikadondosha maji. Nikanyamaza tu. Akainuka, akaburuta mguu mpaka ndani, nikasikia funguo zikitoka kwenye msumari.

Sitajificha nyuma ya mlango. Nimemwambia Katibu. Kashika kichwa, lakini hakunibishia.

Kitambaa nimekitia dawa, nimekitia ndimu, nimekisugua mpaka vidole vimechubuka. Jua halikutoka. Kimebaki na zambarau upande mmoja wote. Mchungaji kaja kukiona, kakigeuza, kakirudisha. "Kitandike hivyo hivyo, mama," kasema. "Kwaresima tumeipitia kweli."

Pasaka, 5 Aprili

Naandika mchana, bado nimevaa gauni la kanisani.

Alfajiri mvua ilikuwa imekatika. Wifi alimwingiza kwa mlango wa ubavuni, akamwekea kiti, akatoka. Alibaki yeye peke yake na giza. Mimi nilisimama uani mstari wa mbele, Katibu kulia, wifi kushoto, na nyuma yetu watu wote, kimya, unasikia matone yakidondoka kwenye mapaa.

Mwanga ukagusa msalaba. Hakuna kitu. Nikahesabu pumzi zangu. Ndipo nikasikia ufunguo: nyuma kidogo. Goti likagonga ubao. Mbele. Mlango wa kulia ukafunguka, halafu, baada ya muda mrefu wa mtu mwenye mkono mmoja, mlango wa kushoto.

Akasimama kizingitini, shati lake jeupe nililolinyoosha mara mbili. Akafungua mdomo.

Hakikutoka kitu.

Hakuna aliyeinua mguu. Mshipa ukamtoka shingoni. Katibu akaninong'oneza, "Mama, sema wewe. Mwokoe." Nilikuwa nalo ulimini, maneno yote mawili, nimeyafanyia mazoezi kwa sauti ya kiume. Nikatia ncha ya kitambaa changu cha kichwa mdomoni, nikaiuma. Nilijikaza kisabuni. Nilimpenda kuliko siku zote, na sikumsaidia.

Mume wangu akaacha kuhangaika. Akageuka taratibu, akatazama ndani ya kanisa, lote, kuanzia mabenchi mpaka madhabahu, mtu anayetafuta mtu. Akatugeukia. Na hapo nikayaona macho yake, yale ya kunicheka.

"Hayupo!" akapaza sauti.

Nyuma yangu mtu akacheka kidogo, maana ni nani katika kanisa letu hajawahi kuambiwa neno hilo na bawabu yule pale pale mlangoni? Kisha kicheko kikakatika chenyewe. Mume wangu akapiga ubao wa mlango kwa kiganja.

"Hayupo... hapa!"

Wale wanawake waliokwenda kaburini alfajiri na manukato yao, hayo ndiyo waliyoambiwa. Nimeisikia habari hiyo tangu nikiwa mtoto mgongoni, na leo ndiyo nimeambiwa mimi. Wa kwanza kuelewa alikuwa Katibu. Alirusha mikono juu, kalamu zikamruka mfukoni, akapiga ukelele uliopasuka katikati: "Kweli amefufuka!"

"Kweli amefufuka!" tukaitikia sote, na watu wakaingia wanakimbia, wengine wanalia, Fundi Bomba akamkumbatia mume wangu mpaka nikaogopa atamvunja. Mimi nilicheza. Mwanamke wa umri wangu nilicheza kutoka mlangoni mpaka mbele, na mbele pale madhabahuni kitambaa cha Pasaka kina zambarau yake upande mmoja, na sikuona haya hata kidogo.

Jumatatu ya Pasaka, 6 Aprili

Wifi kaondoka asubuhi na mto wake. Nimemwambia arudi haraka, nami nilimaanisha. Kaniachia machungwa.

Jua limetoka, jua lenyewe hasa, na marundo ya nguo yananingoja uani. Nimejilaza kidogo kwanza, viungo vyote vinauma kwa ile ngoma ya jana. Mume wangu kakaa mlangoni. Nikasikia mteja anabisha hodi, ni yule karani wa benki, na furushi jingine bila shaka.

"Shikamoo mzee. Mama dobi yupo?"

Nilikuwa hatua tatu tu, nyuma ya pazia. Nilishafungua mdomo niitikie.

"Hayupo," akasema mume wangu.

Nikaufunga.

"Kaenda wapi, mzee?"

Kimya. Nilimsikia akitafuta. Alitafuta kwa muda mrefu, na karani kwa adabu yake akangoja, na mimi nikaweka mto usoni nisisikike ninavyocheka. Sikumsaidia hata herufi.

"Povu," akasema mume wangu, polepole, analijaribu. Akavuta pumzi. "Povu... kaenda... Pasaka."